Kozi ya video kuhusu udhibiti wa jeni: nusu ya kwanza ndiyo yenye uzito

Kozi hii, niliyoimaliza kwa majuma matatu, inaeleza namna seli inavyoamua ni jeni zipi zisomwe na zipi zinyamaze. Sehemu yake bora ni ile ya operoni ya laktosi (kundi la jeni za bakteria zinazosomwa pamoja ili kutumia laktosi, sukari ya maziwa), ambayo François Jacob na Jacques Monod waliieleza mwaka 1961: mchoro wenye mwendo unaonyesha protini kizuizi ikiwa imeketi juu ya DNA na kukifungia njia kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA, yaani ujumbe wa jeni, kisha alolaktosi (laktosi iliyobadilishwa kidogo ndani ya seli) inapojishikiza kwayo, protini hiyo hubadili umbo, ikaachia, na unakili ukaanza. Niliirudia mara nne. Hata suala la glukosi, ambalo wakufunzi wengi huliruka, limeelezwa kwa subira: sukari hiyo ikiwapo kwa wingi, bakteria haihangaiki sana na laktosi.

Kasoro inaanzia kwenye seli zenye kiini. Histoni (protini ambazo DNA huzizunguka), metili (vikundi vidogo vya kikemikali) zinazobandikwa kwenye DNA, na RNA ndogo zinazozima ujumbe uliokwisha kunakiliwa, vyote vimerundikwa katika dakika 12, naye msimulizi anasoma kana kwamba anakimbizwa. Maswali ya mazoezi ni machache, na majibu yake hayana maelezo.