Wameandika "ya asili", na mwenyewe ana jina: nilivyowasikia wawili hawa wa Uskoti, ukumbini na kwenye sidii

Kijitabu cha sidii ya wawili hawa, wapigaji wa muziki wa jadi wa Uskoti, ni kidogo, lakini kina kosa moja ambalo siwezi kulisamehe. Kwenye namba mbili wameandika Hector the Hero, ombolezo la fidla, na pale pa jina la mtunzi wameweka maneno mawili tu: ya asili, yaani ya jadi, isiyo na mtunzi anayejulikana. Si ya asili. Ina mwenyewe. Aliyeitunga ni James Scott Skinner, mpiga fidla aliyezaliwa Banchory mwaka 1843 na kufariki 1927, ambaye watu wa zama zake walimwita Mfalme wa Strathspey, aina ya dansi ya Kiskoti. Aliitunga mwaka 1903 kumwombolezea Meja Jenerali Hector MacDonald, mtoto wa mkulima mdogo wa Black Isle, kaskazini mwa Uskoti. Huyo aliingia jeshini akiwa askari wa kawaida kabisa, akapanda cheo kwa cheo, akapigana Omdurman kule Sudan mwaka 1898, na Machi 1903 akajiua hotelini Paris. Muziki wenye mwaka wake, wenye marehemu wake, wenye mtunzi ambaye fidla yake mwenyewe ilirekodiwa na hadi leo inasikika, unaitwaje wa asili?

Onyesho lilipokwisha, nilimuuliza mpiga gitaa pale kwenye meza ya kuuzia sidii, kwa adabu, kama jina la Skinner lilisahaulika kiwandani. Hakuinua hata macho. Akasema hizi zote ni nyimbo za wazee, na anayetaka darasa aende chuoni. Foleni ilikuwa nyuma yangu, hilo naelewa. Lakini kabla ya hapo alikuwa amesimama jukwaani karibu saa mbili akitueleza jinsi wanavyoulinda urithi. Urithi unalindwaje na mtu anayefuta majina ya walioacha urithi huo?

Wala msije mkasema ni suala la pesa. Skinner amekufa zamani, haki za tungo zake zimekwisha muda, hakuna wa kudai hata senti. Kumtaja kungewagharimu maneno matatu ya wino. Na ubaya wa mazoea haya ni kwamba hayaishii kwa waliokufa zamani. Muziki huu bado unatungwa. Gordon Duncan, mpiga zumari ya mfuko wa Perthshire, Uskoti, aliyefariki 2005, aliacha vipande ambavyo vijana wanajifunza kwa sikio kwenye vikao vya baa bila kujua vimetoka wapi. Anayezoea kuandika "ya asili" kila asipojua, ipo siku atamwandikia hivyo mtu ambaye familia yake bado inategemea jasho lake.

Basi, tuje kwenye muziki wenyewe. Mwanamke anapiga fidla na kuimba. Mwanamume anapiga gitaa, na kwa vipande vichache zumari ndogo ya mfuko. Mchanganyiko wao wa nyimbo, ukiutazama kwenye karatasi, umepangwa na mtu anayejua: maombolezo ya fidla, seti za dansi, nyimbo za kuchezea dansi za Kigaeli, lugha ya nyanda za juu za Uskoti, na wimbo mmoja mrefu wa kisa. Hakuna nyimbo za mashabiki wa mpira, hakuna nyimbo za watalii. Kwa hilo nilifurahi hata kabla hawajaanza.

Furaha ilidumu mpaka seti ya kwanza ya dansi.

Strathspey imechukua jina la bonde la mto Spey, na uhai wake wote umo kwenye mdundo mmoja. Kila kipimo, yaani kila kipande kidogo cha wimbo kinachojirudia kwa hesabu, kina mapigo manne, na kila pigo linagawanywa sehemu mbili zisizo sawa. Mara nyingine noti ndefu hutangulia na fupi ikafuata, mara nyingine fupi hutangulia, tena juu ya pigo lenyewe, kisha ndefu. Hiyo ya pili ndiyo mkato wa Kiskoti. Kwenye karatasi uwiano ni moja kwa tatu, lakini mpigaji mzuri huibana ile fupi zaidi ya ilivyoandikwa, na upinde husimama kidogo mno kabla ya kuendelea. Ukiuondoa mkato huo, unabaki na wimbo wa polepole usio na mifupa.

Sasa weka gitaa linalokwangua noti nane zilizo sawa katika kila kipimo, juu, chini, juu, chini, bila kupumua. Fidla inavuta upande wa mkato, gitaa linavuta upande wa usawa, na kwa kuwa gitaa lilikuwa limeongezwa sauti kupita fidla, fidla ndiyo iliyosalimu amri. Mpaka mzunguko wa pili, noti zake zilikuwa zimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Kisha wakaingia rili, dansi ya haraka, na rili haikuruka. Haiwezi kuruka, kwa sababu utamu wa kutoka strathspey kwenda rili umo katika tofauti: vipimo 32 vya strathspey ya kuchezea huchukua kama dakika moja na sekunde chache, vipimo 32 vya rili huchukua kama nusu dakika na kidogo. Mcheza dansi anatoka kwenye hatua iliyozuiliwa, akaachiwa. Kama hakuna kilichozuiliwa, nini kitaachiwa?

Dawa yake si ngumu. Mpiga gitaa apige pigo la kwanza na la tatu tu, aunyamazishe mkono wa kulia katikati, aiache fidla ijaze. Au afanye kama walivyofanya wenye muziki wao. Niel Gow wa Inver, karibu na Dunkeld, aliyeishi 1727 hadi 1807 na kuchezesha dansi katika nyumba za makabaila, alisindikizwa na ndugu yake Donald kwa selo, ala kama fidla lakini kubwa na ya sauti nzito. Fidla juu, selo chini, basi. Gitaa limezoeleka katika muziki huu tangu wimbi la kufufua muziki wa jadi la katikati ya karne iliyopita. Sina ugomvi nalo, nalipenda, lakini jukwaani tuliambiwa kwamba hivi ndivyo mababu walivyocheza. Sivyo walivyocheza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba yule dada anaujua mkato huo kuliko watu wengi niliowahi kuwasikia. Nilijua hivyo alipoiweka fidla mapajani na kuanza puirt à beul, yaani dansi za mdomo, nyimbo za Kigaeli zinazoimbwa ili watu wacheze pasipo ala. Maneno yake ni mepesi, mengine hayana maana kubwa, kwa sababu kazi yake ni kubeba mdundo. Na Kigaeli kinaubeba chenyewe. Mkazo wa neno hukaa kwenye silabi ya kwanza, na mara nyingi irabu hiyo yenye mkazo ni fupi: bodach, mzee wa kiume, cailleach, mwanamke mzee. Fupi yenye nguvu, kisha, ikiimbwa, ndefu. Sisi wa Kiswahili masikio yetu yamelelewa kinyume. Tukiweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho tunairefusha kidogo, baaba, maama, ndefu kisha fupi. Ndiyo maana msikilizaji wa Kiswahili anaposikia mkato huu mara ya kwanza hudhani mwimbaji amejikwaa. Hajajikwaa. Sikiliza namba nne ya sidii mara tatu, gonga meza kwa kidole pale ulimi wake unapogonga, utaelewa strathspey nzima bila mwalimu. Kisha nenda namba tano usikie jinsi mdundo uleule unavyouawa na gitaa.

Zumari sasa. Hii si ile kubwa ya vikosi vya jeshi. Ni zumari ndogo ya Kiskoti, tundu la bomba lake la kupigia lina upana uleule toka juu hadi chini, ndiyo sababu sauti yake ni ya chini na ya upole, inakaa vizuri na fidla chumbani. Haipulizwi kwa mdomo, hewa hutoka kwenye mivukuto iliyofungwa kwapani, na kwa kuwa hewa hiyo haina unyevu wa pumzi, vilimi vyake vinavyotoa sauti havivurugiki haraka. Lakini baridi haina huruma. Zumari iliyotoka kwenye gari ikapanda jukwaani moja kwa moja itateleza, na mabomba ya mvumo, yanayoshikilia noti moja muda wote, yatagombana na la kupigia ndani ya dakika mbili. Jamaa alilijua hilo. Alikaa nayo kwapani wakati mwenzake akiimba, akaipasha moto, akaisawazisha kimyakimya. Hapo nampa haki yake. Vidole vyake pia ni safi: zumari haina namna ya kunyamaza katikati ya noti mbili zinazofanana, kwa hiyo kila marudio lazima yakatwe kwa noti ndogo ya kidole, na za kwake zilikuwa kali na nyembamba, hazikulala juu ya wimbo.

Halafu akaharibu. Kwenye sidii, seti hiyohiyo ameiongezea gitaa baadaye studioni. Zumari hii ina noti tisa tu, na G yake, ya chini na ya juu, ni ya kawaida, si shapu, yaani haijapandishwa nusu toni. Nyimbo nyingi za zumari hutembea kati ya nyumba mbili, A na G, A na G, hiyo ndiyo tabia yake. Anayesindikiza akifika pale wimbo unapoegemea G, apige G. Yeye amepiga noti za E meja kwa pamoja, kama vile ni wimbo wa kanisani unaorudi nyumbani kwa A, na ndani ya E meja imo G shapu. Kwa hiyo zumari inasema G, gitaa linasema G shapu, kwa wakati mmoja, mara nne katika kila mzunguko. Ni kama kokoto kwenye wali. Ajabu ni kwamba gitaa lake limefungwa D A D G A D, mpangilio ambao watu huuchagua kwa ajili hiyo hasa: unashusha uzi wa kwanza, wa pili na wa sita kwa toni moja moja, na nyuzi zikiachwa wazi hazisemi meja wala mina, zinavuma tu kama zumari. Ana ala inayomkinga na kosa, kisha akalitafuta kosa kwa vidole.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba msinunue, msiende. Kisha nikakumbuka namba tisa.

Namba tisa ni Tam Lin, wimbo wa kisa wa mpakani mwa Uskoti na Uingereza, ambao Francis James Child, msomi wa Marekani aliyekusanya nyimbo za visa, aliupa namba 39 kati ya 305 alizokusanya. Nakala ambayo mshairi wa Uskoti Robert Burns aliipeleka kwa mchapishaji ina beti zaidi ya 40, na wengi siku hizi wanazikata mpaka kumi na tano. Huyu dada hakukata. Gitaa liliwekwa chini, taa hazikubadilishwa, akasimama mikono pembeni akaimba yote. Janet anakwenda Carterhaugh, karibu na Selkirk, pale mito Ettrick na Yarrow inapokutana. Anapata mimba ya kijana aliyetekwa na malkia wa viumbe wa kichawi. Kumwokoa lazima angoje usiku wa manane kuamkia Watakatifu Wote, aache farasi mweusi apite, aache wa kahawia apite, akimbilie mweupe, amvute chini aliye juu yake na asimwachie, hata akigeuka nyoka, akigeuka dubu, akigeuka simba, akigeuka chuma chekundu cha moto.

Wanaokata beti hukata hapo, kwenye kugeukageuka, wakidhani ni marudio. Lakini marudio ndiyo kazi yenyewe. Msikilizaji anashikilia pamoja na Janet, ubeti kwa ubeti, na kila umbo jipya linakuja kwa sauti ileile iliyotulia, bila kuigiza, bila kupandisha. Ukumbi mzima hakuna aliyekohoa. Na kabla ya kuanza, alitaja alijifunza wapi na ubeti upi aliuchukua kutoka nakala nyingine. Kwa sekunde ishirini. Kumbe inawezekana.

Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Kikundi kilekile, usiku uleule, mmoja anamtendea haki kila aliyemtangulia na mwingine anawafuta. Kwa nyota, ningetoa mbili kwa sababu ya kijitabu, lakini Tam Lin peke yake ni tano, na sijui namna ya kuzigawanya. Anayewapenda waimbaji aende, tena akae mbele upande wa fidla, mbali na spika ya gitaa, kwa sababu pale fidla inasikika yenyewe kabla ya mashine kuigusa. Anayenunua sidii aanze na namba nne, aende tisa, kisha kumi na moja, ambayo ni ombolezo la fidla tupu lisilo na mkwaruzo wowote. Ya pili aipitishe, au aisikilize huku akijua ni ya Skinner. Toleo likichapwa upya na jina lake likawekwa mahali pake, nitarudi hapa niyabadilishe haya niliyoandika.