Nyumba ya akina Saarinen, Michigan: kiingilio kinalipa?

Haya wadau, karibuni tena, leo sio simu wala sabufa, leo nachambua nyumba. Ni ya akina Saarinen, iko Cranbrook, eneo la shule za sanaa na makumbusho pale Bloomfield Hills, Michigan, juu kidogo ya Detroit, na swali ni lile lile, ukilipia unapata kitu au unapigwa?

Unapata. Sababu kubwa ni kwamba humu familia nzima imetia mkono. Mzee Eliel, msanifu majengo Mfini aliyehamia Marekani 1923, ndiye alichora nyumba na fanicha, ikakamilika 1930. Mama Loja akashika upande wa kufuma, mazulia, mapazia, vitambaa vya viti. Kijana wao Eero, ndio huyu baadaye akachora lile tao kubwa la chuma la mji wa St. Louis, Marekani, ana fanicha zake chumbani kwa wazazi, na hapo bado dogo tu!

Sasa chumba cha kula, jamani. Kina pande nane, kuta za mbao, juu kuna kuba la rangi ya dhahabu, kwenye pembe kuna vidaka kama vya nyumba za Lamu ila hivi vimepigwa nyekundu iliyoiva, halafu katikati meza ya duara. Wageni wakizidi unaongeza vipande kuizunguka na inabaki duara vile vile, wakati meza zetu za kuvuta ukizivuta zinageuka yai. Mimi ningelipa kwa hiyo meza peke yake.

Sebule haikunishika sana, ndefu, viti vya kukaa umenyoosha mgongo, ila mahali pa moto pana vigae vya Pewabic, karakana ya ufinyanzi ya Detroit, na tausi wa shaba wa kushikilia magogo, hao usiwapite.

Eliel alifariki 1950, wakahamia wengine, vitu vikabadilishwa, ndio ukarabati ukaanza 1988 na watu wakaanza kuingia 1994. Ukiwa ndani huwezi kudhani.

Ubaya? Unatembezwa na mwongozaji, hukai, hushiki, kwa hiyo yule mtoto wa mikono mirefu abaki kwa shangazi. Na ukitaka jumba la kifahari la kupigia picha za harusi, sio hapa. Halafu angalieni tarehe kwanza maana hawafungui mwaka mzima.

Mafundi seremala mnaonifuatilia, nyie nendeni, na mkifika kwenye ile meza ombeni kuinama muone chini ilivyoungwa.