Mombasa na watoto wadogo: hoteli ya ufukweni au nyumba ya kupanga?

Nyumba ya Nyali au Bamburi hulipiwa kwa usiku, si kwa kichwa. Familia kubwa hupata nafuu. Jikoni unakoroga uji saa kumi na mbili asubuhi, kabla bafe ya hoteli haijafunguliwa. Ila tokeni za umeme zikiisha usiku, feni inazima na mtoto anaamka amelowa jasho. Hoteli kubwa zina jenereta.

Maji ya bomba mara nyingi ni ya kisima, yana chumvi. Maziwa ya unga ya mtoto yakorogwe kwa maji ya chupa yaliyochemshwa, popote mlipo.

Bahari ikipwa, bwawa la hoteli ndilo linalookoa siku. Kwenye ghorofa, pima vyuma vya roshani: pengo likizidi sentimita 10, usichukue.

Mtoto mchanga anayelala mchana atatulia kwenye nyumba. Wa miaka mitano anataka bwawa.