Vidonge vya koenzaimu Q10 kwa ubora wa mayai: vinasaidia wapi, vinaishia wapi

Vidonge hivi husaidia mitokondria za yai (viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli) kuzalisha nishati, na hasa hutafutwa na wanawake waliovuka miaka 35. Vile laini vyenye mafuta ndani hufyonzwa vizuri kuliko vya unga mkavu. Meza wakati wa mlo wenye mafuta. Tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa hupotea bure. Wengi hupewa miligramu 200 hadi 600 kwa siku, miezi 3 hivi kabla ya kuvuna mayai (kuyatoa kwenye ovari kliniki), maana hatua za mwisho za yai kukomaa huchukua muda huo. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza. Akiba ya mayai iliyobaki kwenye ovari haiongezeki hata kidogo! Mwenye miaka 40 asingoje chupa iishe ndipo akapime AMH, homoni inayoonyesha akiba hiyo, aende sasa.