Mbegu za msindano za "miti mama": mama anajulikana, baba je?

Mbegu za daraja la juu za Pinus patula, aina ya msindano, huvunwa kwenye bustani ya mbegu, yaani shamba la miche iliyobebeshwa vikonyo vya miti iliyochaguliwa kwa unyoofu wa shina na ukuaji mzuri. Ni bora kuliko mbegu zilizookotwa shamba lolote, na tunazipendekeza. Tatizo ni lebo: humtaja mama tu.

Msindano huchavushwa na upepo. Mche hupata kromosomu 12 kwa mama na 12 kwa baba, na baba huyo anaweza kuwa mti uliopinda kwenye shamba la jirani. Ikiwa ndivyo, nusu ya faida ya uteuzi imepotea. Kabla ya kununua, uliza bustani iko mbali kiasi gani na misindano mingine, na ni koo ngapi (kila ukoo ni miti iliyobebeshwa vikonyo vya mti mmoja teule) zinazochanua kwa pamoja. Koo zikiwa chache, ndugu huchavushana au mti hujichavusha wenyewe, na hapo utapata mapepe (mbegu tupu) mengi, pamoja na miche myeupe isiyo na umbijani, na mingine inayodumaa. Muuzaji anayepima vinasaba anaweza kukuthibitishia ukoo wa baba, kwa kuwa kloroplasti za msindano hurithiwa kupitia chavua.

Usitarajie miche ifanane. Mbegu za mama mmoja zenye baba mbalimbali bado hubeba takriban robo tatu ya tofauti za kurithika za kundi zima. Otesha zaidi ya unachohitaji, kisha ng'oa bila huruma iliyodumaa au kupinda. Lakini angalia kwanza: kitalu kizima kikiwa cha njano, usilaumu mbegu. Mara nyingi udongo umekosa kuvu rafiki wa mizizi, na kuchanganya udongo wa chini ya misindano iliyokomaa husaidia.

Ahadi ya "mbao nzito" ina uzito kuliko ya "shina nene", maana msongamano wa mbao hurithiwa kwa nguvu, ilhali unene hutegemea sana nafasi, magugu na rutuba.

Mbegu za uchavushaji wa kudhibitiwa, ambapo koni za kike hufunikwa mifuko kabla hazijafunguka kisha hupuliziwa chavua teule, zina wazazi wote wawili wanaojulikana. Ni ghali, na koni huchukua takriban miaka miwili kukomaa. Nunua chache, kuza miche mama, kisha zalisha vipandikizi ingali michanga. Mti ukizeeka vipandikizi vyake hutoa mizizi kwa shida.