HP EliteBook 840 G1 kutoka giga 4 kwenda 12, uzoefu wangu wa kutafuta RAM nikiwa Mtwara

Nina steshenari ndogo hapa Chikongola, Mtwara mjini, na mashine inayonilisha ni EliteBook 840 G1 ya yuzdi, ile yenye Core i5-4300U. Ilikuja na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya giga 4, kijiti kimoja, sloti ya pili tupu. Kwa kuchapa barua za kuomba kazi ilikuwa inatosha kabisa, ila msimu wa korosho ukianza watu wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wanakuletea Excel ya wakulima mistari haiishi, hapo hapo mwanachuo wa STEMMUCO, chuo kikuu cha hapa Mtwara, kasimama anataka kuprinti risachi yake, na WhatsApp ya kwenye kompyuta iko wazi muda wote maana siku hizi kila mtu anatuma faili humo, basi mashine inaganda mpaka mteja anaanza kuchungulia duka la jirani.

SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, nilishaweka zamani so kwangu diski haikuwa tatizo. Kama wewe bado una ile diski ya kuzunguka anza nayo kwanza, RAM itafuata. Mimi nilifungua Task Manager upande wa Memory nikakuta imejaa karibu yote, na pale chini pameandikwa sloti iliyotumika ni 1 kati ya 2, hiyo unaiona mwenyewe bure bila fundi.

Sasa ukienda dukani ukasema nataka RAM ya laptopu giga 8 utapewa, tena fasta, shughuli ni unapewa ipi. DDR4, kizazi cha RAM kipya kuliko cha mashine hii, haina usumbufu, ina pini 260 na pengo lake liko sehemu nyingine, haiingii hata ulazimishe (usilazimishe lakini). Yenye kazi ni DDR3 na DDR3L, zote pini 204, umbo moja, pengo pale pale, zinaingia zote vizuri tu. Tofauti yake ni umeme, ya kawaida inakula volti 1.5 na yenye L inakula 1.35, na laptopu za Intel kizazi cha nne kama hii zinataka hiyo ya 1.35. Kwenye stika soma PC3L-12800S, ikiandikwa PC3-12800S bila L achana nayo. Mwenye laptopu ya nyuma zaidi inayotumia 1.5 yeye ana nafuu, ya L imetengenezwa iweze kukaa hata huko.

Duka moja la hapa mjini jamaa akaniambia bosi wangu DDR3 ni DDR3, chomeka uone. Haya, tukachomeka. Kioo cheusi, feni inazunguka, taa ya Caps Lock inawaka inazima. Akatoa raba ya penseli akasugua meno ya RAM, ambayo kusema kweli ni mbinu nzuri mashine ikikataa sababu ya uchafu, ila hapa uchafu haukuwepo. Ikagoma tena, akasema sloti yako mbovu kaka. Nikamwomba achomeke ile giga 4 yangu kwenye sloti hiyo hiyo anayosema mbovu, ikawaka. Hakubisha, nikamrudishia yake tukaagana vizuri.

Mwisho nikaagiza Kariakoo. Nilimtumia muuzaji picha ya stika ya RAM yangu, naye nikamwambia sitoi hela mpaka nione stika ya hiyo anayoniuzia, siyo picha ya kwenye mtandao, ya mkononi mwake. Ikaja SK hynix giga 8, PC3L-12800S, yuzdi, elfu arobaini, akaiweka kwenye basi nikaipokea stendi. Kuifunga ni kazi ya mtoto, mfuniko wa chini wa G1 una kitasa cha kusukuma, unatoa betri kwanza, unaingiza RAM kwa kuilaza upande halafu unabonyeza mpaka vishikio vya pembeni vilie.

Kuna wanaosema lazima vijiti vilingane. Siyo lazima. 8 na 4 zimekaa pamoja, giga 4 za kila upande zinafanya kazi sambamba, zile 4 zinazobaki zinakwenda peke yake, na spidi ingetofautiana zote zingefuata ya chini. Nilipitisha na Windows Memory Diagnostic, ikatoka safi. Angalia tu Windows yako isiwe ya biti 32, hiyo hata uongeze vipi haivuki giga 4.

Excel ya korosho sasa inafunguka huku mengine yanaendelea, kwa hilo naipa alama zote. Ila msitegemee miujiza, prosesa ni ile ile, haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11 na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025, kwa hiyo laki mbili za kuikarabati mashine hii mimi sitoi, elfu arobaini sawa. Mwisho wa RAM kwa mashine hii ni giga 16, 8 mbili. Nikipata nyingine yenye L kwa bei ya kirafiki nitaitoa hiyo 4, ila kwa kazi za hapa sina haraka nayo.