Sindano ya mwezi ndiyo iliyomrudisha mdogo wangu nyumbani

Mdogo wangu ana skizofrenia. Mwaka wa sita huu namsindikiza kliniki ya hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili, na wodini amelazwa mara tatu. Dawa walizompa nimezishuhudia zote kwa macho.

Alianza na vidonge vya haloperidoli. Siku ya tatu shingo ilipinda, ulimi ukawa mzito, macho yakaganda juu. Mama alilia, akidhani ameongezewa uchawi. Kumbe ni dawa yenyewe: sista alimchoma sindano, haikupita saa shingo ikarudi, tukapewa na Artane, kidonge cha kuzuia kukakamaa huko. Hapo ndipo ninapoilaumu hospitali. Maneno mawili tu ya kututahadharisha yangetosha, na Artane tungekuwa nayo mfukoni.

Sauti alizokuwa akizisikia kichwani zilipungua, lakini hakuitaka tena dawa ile. Wakambadilishia olanzapini. Hakukakamaa, usingizi akaupata, akacheka na watoto. Ila njaa yake! Sufuria ya ugali aliimaliza peke yake, suruali zote zikambana. Na mara kwa mara dirishani tunaambiwa imeisha, tukanunue nje. Halafu nikakuta vidonge vya wiki mbili chini ya godoro. Mwezi uliofuata alilazwa tena.

Ndipo daktari akashauri Modecate, dawa ya ugonjwa huohuo ila ya sindano ya takoni, kila baada ya wiki nne. Kwetu imefanya kazi kuliko zote, na sababu naijua: ugomvi wa kila asubuhi wa "umemeza?" umekwisha. Siku za mwanzo baada ya kuchomwa mikono humtetemeka, hivyo Artane haijaachwa.

Wodini kulikuwa na bustani na karakana ya ususi wa mikeka. Watu huidharau, wanaiona ya kupotezea muda. Mimi nilimkuta anamwagilia mchicha, akaniuliza habari za mama, na alikuwa hajamtaja miezi minne. Hilo hakuna kidonge kilichompa. Ningekuwa na sauti, ningeomba karakana iwepo hata kwa wanaokuja kliniki tu.

Klozapini, dawa nyingine ya ugonjwa huu, daktari aliitaja kwa wale ambao dawa mbili zimeshindwa kuwasaidia. Lazima damu ipimwe kila wiki miezi ya mwanzo, nasi tunaishi mbali. Hatujaifikia.

Kadi yake inakaa kwenye pochi yangu. Tarehe ya sindano ni Alhamisi, na safari hii amesema atapanda basi mwenyewe, nimsubiri getini.